Swali la Tatu

Chuoni kwetu tunamwita Mama Birika, na jina jingine haitiki. Kwa miaka ishirini amepika chai ya kila mkusanyiko wa wasomi, naye anaupima usomi kwa vikombe. Utetezi wa tasnifu ni vikombe vinane, na mtahiniwa hagusi chake. Uzinduzi wa kitabu ni mia moja, na nusu ya waliokuja hawatakisoma. Kongamano ni mia tatu na ugomvi juu ya maziwa. "Wasomi hubishana wakiwa na njaa," huwa ananiambia. "Wakishiba wanakubaliana."

Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Nimekaa nyuma ya kumbi hizo hadi nimezichoka, kwa hiyo nilishangaa mwaka huu alipoanza kuja kukaa karibu nami, aproni kaikunjia mapajani. Alisikiliza semina ya udongo. Alisikiliza mhadhara wa nyuki, warsha ya takwimu na mdahalo mrefu wa sheria za mirathi. Nikamtania kwamba anautaka uprofesa uzeeni.

"Nasubiri wafike kwenye figo, mdogo wangu," akasema.

Kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na tisa, figo zote mbili zimekufa. Mama alipimwa ampe moja yake, hazikulingana. Kaka wawili wa binti, vilevile. Hospitali inamsafisha damu mara mbili kwa wiki, na daktari ameshamwambia mama wazi kwamba mwili unachoka. Sasa maskini aliamini kwamba penye watu wengi wenye akili namna hii, hakosekani mmoja anayejua kitu. Mfa maji haishi kutapatapa, na mimi sikuwa na moyo wa kumcheka tena.

Jumanne wakafika kwenye figo. Mtoa mada mkuu wa kongamano alikuwa profesa anayeotesha figo maabara. Picha yake ukutani ilionyesha figo nzima, nyekundu, inayofanya kazi. Mama Birika alinishika mkono hadi ukauma.

Mwenyekiti akatangaza utaratibu wa siku zote: maswali matatu kwa mpigo, ndipo yajibiwe. Utaratibu wa hovyo, maana anayejibu huchagua jepesi. Muulizaji wa kwanza alihutubia dakika sita bila kuuliza chochote. Wa pili akakosoa jedwali. Kwa swali la tatu mikono ishirini ilikuwa juu, na kipaza sauti ninacho mimi. Nikampa Mama Birika. Wakinifukuza na wanifukuze.

"Shikamoo profesa," alisema, sauti ikitetemeka ukumbi mzima. "Hiyo figo, mtoto wangu nimlete lini?"

Watu wakacheka kidogo. Profesa akajibu la kwanza, akajibu la pili kwa michoro, mwenyekiti akatazama saa. "Hilo la tatu mtalizungumza wakati wa chai," akasema.

Chai! Mama akatoka mbio, akifunga aproni njiani. Nikamfuata, nikae hapo mpaka ajibiwe.

Foleni ilikuwa ndefu. Profesa alipofika mezani na kikombe chake, alikuwa akiangaza huku na kule. Si mtu mbaya, lazima niseme. "Yuko wapi yule mama aliyeuliza kuhusu mtoto?" akaniuliza mimi.

"Ndiye anayekumiminia."

Akakiweka kikombe chini. Akamweleza polepole, kwa heshima, kwamba figo ile ya kwenye picha ilikuwa ya panya. Ukubwa wake kama punje ya harage. Ya binadamu bado sana, pengine miaka kumi na mitano.

"Kumi na mitano," Mama Birika akarudia.

"Pole sana, mama."

Alimjazia kikombe, akamjazia na aliyefuata. Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi.

"Kesho ukumbini kuna nini, mdogo wangu?"

"Mhadhara wa nyota, dada," nikasema, nikiona aibu kana kwamba ratiba nimeipanga mimi.

"Niwekee kiti."