Pasi Bora Kuliko Zote

Mzee jirani wa ghorofa ya tatu, pale mjini Plovdiv, huandika gazetini akilinganisha pasi za kampuni mbalimbali. Vidole vyake vimejaa makovu ya kuungua, na kila akizungumza hupapasa kola ya shati lake lililonyooka. Juzi Rositsa, fundi cherehani, alimpitia nyumbani kwake akielekea dukani kununua pasi ambayo mzee aliisifu mno. Alipomwambia anachoendea, mzee akamshika mkono.

“Usinunue hiyo, binti yangu. Inaunguza hariri.”

“Sasa mbona umeiita bora kuliko zote?”

“Anayeitengeneza ni mwanangu.”

Rositsa alitaka kumfokea kwa niaba ya wasomaji wote. Lakini akauliza, “Mwenyewe anajua kwamba unamsifia bure?”

“Hajui,” mzee akanong’ona. “Anayaamini ninayoandika. Ameyabandika ukutani, karakanani kwake.”

Rositsa akavuta kiti, akaketi karibu naye.