Kizito Chini ya Kitanda cha Bibi

Kwa miaka miwili bibi yangu alilala juu ya kitu tulichokiita mali ya Mjerumani.

Mjomba ndiye aliyekileta. Alikinunua kwa wauza vyuma chakavu hapa Nyasubi: duara, ukubwa wa ndoo ndogo, kimepakwa rangi nyeusi, na wanaume wawili walikibeba wakipumzika njiani. Mjomba amechimba dhahabu tangu ujana wake, na mchimbaji huamini kwamba kizito hakiwi bure. Kidogo namna ile, kizito namna ile, basi Wajerumani walikifukia wakati wa vita. Akakisukuma chini ya kitanda cha mama yake, maana hakuna mwizi anayepekua chumba cha mwanamke mzee.

Nilimcheka. Nilikuwa nimerudi na shahada bila kazi, nabishana na kila kitu, hata na rozari ya bibi. Lakini mchana jua likiwaka nililala kwenye kitanda kile, mkono ukining'inia, vidole vikigusa ubaridi wa chuma, nikaota mto unapita chini ya nyumba.

Kisha picha ikaingia kwenye simu yangu. Wakaguzi wa serikali walikuwa wanatafuta kifaa kilichopotea kwenye mtambo mmoja wa kusaga mawe uliofungwa zamani. Kilikuwa cha kupimia uzito wa tope ndani ya bomba, na moyoni mwake, ndani ya ganda nene la madini ya risasi, kuna punje ya mionzi. Nilipiga magoti, nikakwangua ile rangi nyeusi kwa ukucha. Chini yake palikuwa na njano, na ncha ya alama ya hatari. Nikapiga namba iliyoandikwa kwenye ile picha. Halafu nikaanza kuhesabu usingizi wa bibi, usiku mmoja mmoja, mpaka hesabu ikanishinda.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa dada wa umri wangu. Alitutoa wote mpaka kwenye uzio.

"Kuna aliyejaribu kukifungua?"

Mjomba alitazama kandambili zake. "Mimi. Msumeno ukavunjika."

"Ukaacha?"

"Nilinunua mwingine. Mama akakaa kitandani, akagoma kutoka."

"Mali ya Mjerumani haifunguliwi bila mganga kuchinja mbuzi," bibi alisema. "Na mganga haingii kwangu, mimi ni mtu wa kanisa. Sasa ningemruhusu vipi huyu akifungue?"

"Mama, tungekuwa matajiri..."

"Nyamaza, tajiri."

Mkaguzi aliingia peke yake. Kupitia dirishani tulisikia kipimo chake cha mionzi kikilia, tik, tik, kama matone ya kwanza juu ya bati. Kuku walipita katikati yetu kama wanatembea ndani ya maji.

Alipotoka alisema kufuli la kifaa ni zima na mlango wake wa ndani, unaozuia mionzi, umefungwa. Kinachovuja ni kidogo sana, ila bibi apimwe hospitali. Sikumwamini. Nilimtaka apime godoro, mto, viganja vya bibi. Akapima vyote bila kulalamika. Nikamwambia apime na shamba la mihogo. Huko pia, tik.

"Mbona hakinyamazi?"

"Udongo nao una mionzi yake kidogo. Hakuna mahali kinanyamaza."

Bibi hakushughulika na hayo. "Mnakipeleka wapi?"

"Kwenye ghala la taifa, bibi. Tunakilinda."

"Wewe ukifa?"

"Yupo mwingine. Imeandikwa."

"Si hata mwanzo kiliandikwa, ng'wanawane, mwanangu, kikafika kwangu?"

Dada yule alizima kipimo chake. Bibi akamweleza kwamba kitu cha ukoo kisichofunguliwa kina mtu wake wa kukilinda. Kabla hajafa humtaja atakayempokea ulinzi huo, kwa mdomo, mbele ya watu.

"Mtaje wako."

Mkaguzi alitaka kucheka, akaacha. Akataja jina la mwenzake, polepole, nasi tukalisikia.

"Haya, kichukueni."

Wiki iliyofuata daktari alisema damu ya bibi ni nzuri. Nilimrudishia maswali mpaka akavua miwani. Nyumbani bibi alijilaza, akasema kitanda kimekuwa chepesi, hakimshiki vizuri. Nilijilaza pembeni yake, mkono ukining'inia. Vidole vilikuta sakafu tupu. Aliposinzia nikamsikiliza akipumua, nikarudia kimoyomoyo lile jina, nisije nikalisahau.