Nilivyobadilisha filta ya oili Mwabungo, na kanzu ya Ijumaa ya baba ikiwa shahidi

Asalaam aleikum wakuu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushei, mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti. Nawaona humu mnabishana kuhusu oil change, nikasema leo sinyamazi. Haya sikusimuliwa, mikono yangu ndiyo iliyochafuka.

Miaka ya hamsini mwishoni, kijijini kwetu Mwabungo, pwani. Baba alikuwa na pikapu ya kubebea nazi, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane mwenye wazimu mmoja tu: kuendesha gari.

Kila nikiomba, jibu lilikuwa, "Mwanakombo, gari si kinu."

Siku moja baba akaungua mkono, alipojaribu kumwaga oili injini ingali moto. Mkono umefungwa bendeji, na filta imepitiliza muda wake. Nikarukia hapo hapo, "Baba, nitaibadilisha mimi."

Akacheka, kisha akaweka sharti. "Ukimaliza, nitavaa kanzu yangu ya Ijumaa niingie chini, injini ikinguruma. Ikitoka safi, nitakufundisha kuendesha. Ikiingia doa, maneno hayo nisiyasikie tena."

Nikakubali wakuu!

Nyuma ya nyumba tulikuwa na handaki la kuingilia chini ya gari, kingo zake mbao za mvule, na pikapu ilikuwa imeegeshwa juu yake. Kwenye mchanga wetu jeki huzama, na jiwe la matumbawe hupasuka ghafla. Nawasihi, msiingie kamwe chini ya gari lililoegemezwa jiwe.

Nikazuia magurudumu kwa magogo, nikangoja injini ipoe mpaka naishika kwa kiganja.

Filta zetu hazikuwa za kuzungusha kama zenu. Ilikaa ndani ya kikombe cha chuma, bolti moja katikati. Nikamwaga oili kwenye karai (mama aliipaka boriti za banda kuzuia mchwa, kwetu hakitupwi kitu). Nikaosha kikombe kwa mafuta ya taa, nikatia filta mpya na gasketi mpya, ule mpira wa kuziba mdomo wa kikombe, nikafunga, nikajaza oili. Baba akawasha, mimi nipo handakini.

Tone likanidondokea kwenye paji la uso.

"Zima baba, zima!" Nilitaka kulia. Nikafungua tena, nikapitisha ukucha pale gasketi inapokaa. Kumbe ile ya zamani ilikuwa imeganda, nyeusi sawa na chuma, nami nimeweka mpya juu yake! Nikaibandua, nikafunga upya, nikafidia oili iliyomwagika.

Baba akaja na kanzu nyeupe pepepe, akashuka. Mara hii mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha dereva kuwasha. Injini ikanguruma, nikasoma kila dua niliyoijua.

Akatoka. Mama akamgeuza mbele na nyuma.

"Hakuna kitu," mama akasema.

Nikashika mlango nishuke nimpishe. Baba akazunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa upande wa abiria.

"Haya dereva. Kwanza tutoe hapa handakini."

Funzo wakuu: gasketi ya zamani itoke kwanza, na injini ipoe. Haraka ndiyo iliyomuunguza baba.

Na ninyi, siku yenu ya kwanza, nani alikaa upande wa abiria? Semeni, miwani ninayo.