Chewa wa Mlango wa Hori

Maji ya ghuba yalibadilika wiki ileile tuliyokuwa tukijiandaa na khitma ya arobaini ya baba. Hubadilika kila mwaka, kaskazi inapokwisha na mvua za mwanzo za masika zinapoanza kupiga. Mikoko huoshwa, matope hutoka, na ghuba iliyokuwa ikiangaza mpaka mchangani hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukitia mguu unaona baridi. Samaki uliokuwa ukiwaona kwa macho jana, leo hujui walipo. Maji hayo niliyazoea tangu utoto. Mwaka ule niliyatazama kwa hofu, kwa sababu nilihitaji samaki mmoja mkubwa, na nisipompata kabla ya khitma wadogo zangu wangechukuliwa.

Tulikuwa wanne pale Kiegeani. Mimi binti mkubwa, kisha wadogo zangu wawili wa kiume, kisha kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mama alipofariki niliacha shule ili niwe jikoni, na sikurudi tena. Kisha baba naye akaenda, kwa kifua kilichomtafuna tangu kusi iliyopita. Baada ya maziko ami yetu, mdogo wake baba, alivuka kutoka kisiwa cha Juani akakaa na wazee barazani, na mpango wakaupanga mimi nikiwa nawapelekea kahawa. Wavulana wangekwenda naye Juani. Kitinda mimba angekwenda Bweni kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama, huko mwisho wa kisiwa chetu penye mnara wa taa. Mimi nitafutiwe mume.

Nilisimama na buli mkononi nikasema hatuondoki.

"Mtakula nini masika yote?" ami akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Tutakachopata."

Wazee wakacheka. Ami hakucheka. Kwetu, mchele na nazi za khitma vinaweza kuletwa na ndugu, hata majirani, lakini kitoweo hutoka katika nyumba ya marehemu mwenyewe. Akasema mbele ya wote: "Basi tutakiangalia chungu cha arobaini. Kikiwa na kitoweo cha nyumba hii, nafunga mdomo wangu. Kikiwa hakina, watoto wanaondoka nasi siku hiyohiyo."

Wakati ule nilidhani ni jambo jepesi. Kila maji ya bamvua, yale makubwa, yalipokupwa nilikwenda mwambani na wanawake wenzangu kuchokoa pweza, na sikurudi mikono mitupu. Sikuyahesabu matope. Yalipokuja, mashimo ya pweza yakajaa tope, na nilichoweza kupata ni vitoto vya kumwonjesha mgonjwa. Wanaume nao walikuwa wakirudi na mishipi yao ya kuvulia mitupu. Kila asubuhi walikwenda kulekule walikokuwa wakivua kaskazi yote, kwenye mlango wa ghuba, wakilinganisha mnazi fulani na kilele fulani cha nchi kavu mpaka wawe juu ya mwamba wao. Alama zilikuwa sahihi, na mwamba ulikuwepo. Samaki ndio hawakuwepo, na bado kesho yake walirudi palepale, kwa kuwa alama zile waliachiwa na baba zao.

Baba alikuwa na fikra nyingine. Alipokuwa mgonjwa, mimi namkanda mgongo, alizungumza uvuvi mpaka pumzi ikamwishia. Alisema maji yakigeuka usimtafute mkubwa, tafuta wadogo wamekwenda wapi. Na mimi wadogo nilikuwa nimewaona. Nikiwa natafuta pweza niliona dagaa na mikizi wakiingia makundi kwa makundi katika hori, ule mkono wa bahari unaopenya mikokoni chini ya kijiji. Mlangoni mwa hori pana mwamba wenye pango. Katika bamvua kubwa maji hukauka hata ukaweza kuchungulia ndani, na mwaka uliotangulia nilichungulia nikaona taya. Chewa. Nilirudi nyuma taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha watu.

Siku moja kabla ya khitma ami akafika, na kutoka Bweni akafika mama mkubwa na kapu jipya la ukili, kubwa, lenye kifuniko.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hili nimelisuka mwenyewe, la nguo za mdogo wako."

Kitinda mimba akaingia ndani ya kapu akajifunika, akacheka humo. Nikatoka nje.

Ami alikuwa akikagua mtumbwi wa baba. Nikamwambia nataka kwenda kuvua hori, na siwezi kwenda na mwanamume asiyekuwa wa kwetu. Akaniangalia kama niliyemwomba kunyoa ndevu zake.

"Hori? Huko wanavua watoto kwa kanga."

"Twende mara moja tu, ami. Tusipopata, jibu umeshalipata."

Nadhani alikubali ili mambo yaishe. Wadogo zangu walinikamatia mikizi wadogo kwa kanga, nikawatia wazima katika ndoo ya maji. Baada ya sala ya alasiri, maji yakiwa yanamalizia kujaa, tukashuka. Nilichukua mshipi wa baba, wa pamba, uliopikwa kwa magome ya mkandaa mpaka ukawa mwekundu. Ami alikuwa na wa nailoni, mpya, kutoka Dar es Salaam. Aliutazama wangu.

"Huo wa kufungia mbuzi."

Nilimwomba atie nanga upande mkondo unakotokea, tulegeze kamba mpaka mtumbwi ukae mbele ya pango, wala si juu yake. Nilimwomba pia asigongegonge mtumbwi. "Na kupumua?" akauliza. "Nipumue au nisipumue?"

Akaanza yeye. Alivua kama wanavyovua maji yakiwa meupe: anashusha chubwi, kile kizito cha mshipi, anaipandisha kwa haraka, anaichezesha, ili samaki aone na akimbize. Alipata changu mmoja wa ukubwa wa kiganja, kisha hakupata kitu. Katika maji baridi na machafu chewa hakimbizi. Hukaa mlangoni kwake na kungoja kitu kimpitie karibu na mdomo. Maji yakasimama. Nikamtunga mkizi mzima mgongoni, nikamshusha polepole mpaka chubwi ikagusa chini, nikaipandisha kidogo, nikauacha mshipi ukae juu ya kidole.

Chewa hakupiga. Nilisikia uzito tu, kama mtu aliyeukanyaga mshipi bila kujua. Nikavuta. Alikuja pima moja, akageuka, akarudi ndani, na mshipi ukasimama kama uliofungwa kwenye kisiki.

"Vuta!" ami akasema.

"Ameshaingia, ami."

"Ndiyo nakwambia vuta! Nipe mie!"

Chewa akiingia pangoni hujipanua mapezi na mashavu, hubana juu na chini. Ukivuta unamkaza, na mwamba unakata mshipi. Baba alisema kuna dawa moja tu. Nikaulegeza mshipi, mkono baada ya mkono, mpaka ukalala majini.

Ami alishika kichwa. "Unamwachia? Kitoweo chako unakiachia kiende?"

"Haendi popote. Yuko kwake."

"Nani kakufundisha wazimu huu?"

"Baba."

Akaishusha mikono. Lakini maji hayakungoja. Jani moja la mkoko likatupita likielekea nje, kisha mengine. Yalikuwa yameanza kupwa. Muda mfupi baadaye mkondo wa hori ukashika, mtumbwi ukaanza kuyumba kwenye kamba, na kila ulipoyumba niliusikia mshipi ukikwaruza jiwe kule chini, kwaru, kwaru, ukanifika mpaka kwenye meno. Upande wa Juani wingu lilikuwa limeshafunika minazi.

"Ami, tia kafi. Tuushike mtumbwi usiyumbe."

Sikuwahi kumwamuru mtu mzima. Alinitazama, akachukua kafi. "Leo nimekuwa baharia wa binti," akasema, akapiga maji taratibu. Mtumbwi ukatulia.

Tukangoja. Nilitamani kuvuta. Mkono wenyewe ulitaka kuvuta, nikauweka mwingine juu yake. Ami akasema, bila kunitazama:

"Unadhani nawachukia. Mimi na baba yako tulibaki yatima tukiwa wadogo kuliko nyinyi. Yeye akaletwa huku, mie nikapelekwa Juani. Hatukufa."

"Hamkufa, ami."

"Sasa?"

"Sasa ukija kwetu unapiga hodi na kungoja mlangoni mpaka uitwe. Hata baba alipokuwa hai. Kaka yako wa tumbo moja, nawe unangoja uwanjani kama mtu aliyekuja kuuliza njia."

Kafi lilisimama. Nilifikiri nimeharibu kila kitu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka, makubwa, na mtumbwi ukaanza tena kuyumba kabla hajakumbuka kupiga maji.

Ndipo mshipi ukatembea. Ulitikisika kidogo, ukanyooka polepole kwenda upande, kama kitu kinachovutwa na mtoto. Chewa alikuwa ametoka. Hapo hakuna kungoja tena, zile pima mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Nikasimama, nikavuta kwa mgongo wote, kichwa chake kikageukia juu, nami nikavuta na kuvuta bila kumpa nafasi ya kuiona nyumba yake. Mshipi ulinichana viganja. Akaja juu na mdomo wazi, mdomo ambao mtoto angeingiza kichwa. Nikaona mshipi karibu na ndoana umebaki nyuzi tupu.

"Ami!"

Alilitupa kafi, akainama, akamtia mkono mdomoni akakamata taya la chini. Mtumbwi ukanywa maji. Tukaanguka wote watatu ndani, mimi, ami na chewa, na mvua ikatumwagikia.

Ufukweni wanaume walitoka vibandani. Mtu wa kwanza kupiga kelele alimwona ami akimburuta samaki, mkono wake ukivuja damu.

"Loo! Mtu wa Juani katuvulia mlangoni kwetu!"

"Hiyo ndiyo nailoni!"

"Mungu akupe, umeistiri nyumba ya kaka yako."

Ami alikuwa akiufunga mkono kwa kitambaa. Nami nikabaki nimesimama na viganja vilivyochanika ndani ya kanga, nikaelewa nilikosimama. Kama samaki ni wa ami, basi kitoweo ni cha Juani, na chungu chetu hakina kitu. Ningeweza kusema. Lakini msichana anayembishia ami yake mbele ya wanaume angekuwa amethibitisha mwenyewe kwamba nyumba ile haina mtu mzima. Nikamtazama ami. Akatazama chini, akapanda kijijini.

Usiku huo na asubuhi yake nilipaa magamba, nikakata, nikakuna nazi, na sikumuuliza. Mama mkubwa alinisaidia kukuna. Kapu lake lilikuwa ukutani, na ndani yake aliweka kanzu mbili za kitinda mimba, zimekunjwa.

Khitma ikasomwa, dua ikaombwa, masinia yakatoka. Nilikuwa nikichungulia nyuma ya mlango wa uani na kawa mkononi. Mzee mmoja jirani, mtu mwema, alionja mchuzi akasema kwa sauti: "Ami yao, Mungu akulipe. Umelisha khitma ya nduguyo. Sasa wachukue watoto ukawalee, hakuna atakayekulaumu."

Nilisikia mtu akitafuna.

"Mie nilivua changu mmoja," ami akasema. "Paka wa hapa kamkataa."

Wakacheka.

"Basi huyu chewa nani kamvua?"

"Aliyempika."

"Binti?"

"Mie nilishika kafi. Na nilitaka kuuvuta ule mshipi, wallahi, nilimnyang'anya kwa mdomo kwa kuwa kwa mkono nilimwogopa. Ningeuvuta, sasa hivi mngekuwa mnakula wali na tui." Akafinyanga tonge, akalizungusha kwenye sinia. "Kitoweo ni cha nyumba hii. Nilisema nitafunga mdomo, nami naufunga." Akalitia tonge mdomoni.

Kawa lilinianguka. Mama mkubwa, aliyekuwa nyuma yangu, aliliokota, akanipa. Jioni ile alizitoa kanzu mbili kapuni, akazirudisha kwenye kamba. Kapu likarudi Bweni na vipande vya chewa vilivyotiwa chumvi.

Masika hayakuwa mepesi. Zipo siku tulizokula muhogo bila kitu, na zipo siku nilizolala nikijiuliza kama sikuwatesa wadogo zangu kwa ukaidi wangu. Mdogo wangu wa pili baadaye alikwenda Juani kujifunza kuchonga mitumbwi. Alikwenda kwa miguu yake, na kila Ijumaa alikuwa nyumbani.

Katikati ya mvua zile, siku moja mlango ulisukumwa. Ami aliingia ameloa, akapita ukumbini moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua chungu.

"Nini hiki?"

"Shikamoo, ami. Kisamvu."

"Marahaba. Kisamvu tena! Na chewa wenu je?"

"Maji bado machafu."

"Mie nilidhani ndiyo wakati wake," akasema, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akangoja nimpakulie.