Turubai la Kulalia Porini

Tangu mume wangu aliposema anakwenda kuchimba dhahabu Geita, sikutulia tena. Kifua chake kilikuwa kibovu toka utotoni. Akilowa siku moja, anakohoa wiki mbili. Na huko alikuwa anakwenda kulala porini, mvua zikiwa karibu. Mimi ni fundi cherehani, nikasema hema nitamshonea mwenyewe.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini kitambaa kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Nilizunguka maduka ya Kahama siku nne, hadi mzee mmoja wa Kihindi akanitolea majora mawili kutoka stoo. Moja nailoni, jepesi, linang'aa. La pili turubai la pamba, zito, lililopakwa nta. Nilikuwa nimeshakumbatia nailoni alipouliza ni la kazi gani. La kulalia mtu, nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "nailoni itazuia mvua, lakini pumzi yake mwenyewe itamlowesha. Chukua turubai, hili linapumua."

Mimi si mtu wa kuamini maneno ya dukani. Nikaomba vipande, nikaenda kuvifunika juu ya sufuria mbili za maji ya moto. Chini ya nailoni matone yalijaa yakaanza kudondoka. Turubai likapata unyevu kidogo tu. Basi nikashona turubai, mishono miwili miwili, nikipaka nta ya mshumaa kila tundu la sindano. Vidole vilivimba.

Akaondoka nalo. Kila wingu lilipotanda upande wa Geita, nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Mvua ya tatu ilinishinda, nikadandia lori la pamba nikamfuata.

Nilifika mvua imetoka kukatika. Hema lilikuwa limesimama vizuri, nikafurahi. Nikafunua. Ndani kulikuwa na magunia ya mawe yaliyopondwa, yamepangwa hadi juu, makavu kabisa. Mume wangu alikuwa pembeni, kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja, anakohoa.

"Maji yakiingia humo dhahabu inakwenda nayo," alinieleza bila aibu. "Turubai lako wote wanalisifu."

Hasira zilinipanda. Nikashika gunia la kwanza nilitoe nje, yeye aingie. Akalikalia, huku anakohoa, akinitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi.