Kiti cha Nyuma Ambacho Baba Hakukikalia

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi kule Makongeni, mwanangu, nilipopiga magoti ndani ya gari la watu, tochi mkononi, nikitafuta uongo chini ya kiti. Nilikuwa na hakika upo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kile kilichofungwa kila tulipogoma, na mbali na shahada nilitoka na tabia ya kutoamini chochote kinachong'aa. Tabia hiyo ninayo hadi leo, na sitakuambia uiogope.

Gari lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni moja ya Eneo la Viwanda, na dereva wake alikuwa baba yangu. Baba alilijua lile gari kuliko mwenyewe. Kila alfajiri alilipangusa kwa kitambaa laini alichokifua kwa mikono yake, maana kwa jambo hilo hakumwamini hata mama. Sisi nasi tulikuwa na gari letu, kigari cha Kijapani tulichokinunua kikiwa kimeshachoka. Kaka yangu Mutua alikiita mkebe mbele ya baba, na baba hakukasirika.

Mimi nilikuwa naolewa. Bwana harusi alikuwa Wafula, mwalimu, na watu wake walikuwa wanakuja kutoka Bungoma, basi zima. Kamati ya harusi ikakaa. Unazijua kamati zetu: majirani, jamaa na watu wa kanisa hukutana Jumapili jioni kupanga kila kitu, na wanaooana huulizwa mambo yakishaamuliwa. Mwenyekiti alikuwa shangazi yangu Mbithe, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye ukumbi wowote aliuenea bila kipaza sauti. Yeye ndiye aliyemsukuma baba akaliombe gari la mkurugenzi. Mkurugenzi akakubali, kwa sharti moja, kwamba usukani asiushike mtu mwingine ila baba.

Kamati ikapiga makofi. Mimi nikauliza: baba akiwa dereva, nani atakaa nami nyuma, na nani ataniingiza kanisani? Maana gari lile haliachwi peke yake nje ya kanisa, kando ya Jogoo Road. Baba mwenyewe asingethubutu. Shangazi alikuwa ameshalipanga hilo. Mjomba Kioko, kaka yake mama, angekaa nami na kunishika mkono hadi madhabahuni. Kioko ana suti, akasema, kana kwamba kuzaa mtoto ni jambo la suti.

Nikasema sitaki, heri niende na mkebe wetu. Shangazi hakupandisha sauti, na hapo ndipo mtu alipopaswa kumwogopa.

"Mwende, wale watu wa Bungoma wataufungua mlango wa ule mkebe waone dari imeshikwa na pini. Watasema tumewapa msichana wa nyumba gani?"

"Dari haiolewi, shangazi," nikajibu.

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mutua naye akajitia kati, akaniambia niache masomo mingi. "Hiyo gari, sista, ukifunga mlango hata kelele ya Jogoo Road inazima. Sasa wewe unataka kuingia kanisa na mkebe?"

Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Ningependa kukuambia alikuwa upande wangu, lakini hakuwa. Baba alilitaka lile gari kuliko wote.

Kwa hiyo nikaamua kuwaonyesha kwamba wamedanganywa. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, au ndivyo nilivyoelewa mimi: fahari yote ni rangi ya juu, ikwangue utaona kutu. Jumamosi hiyo baba alilileta gari nyumbani kulisafisha kabla ya kumchukua mkurugenzi. Alilisimamisha uani sambamba na mkebe wetu, na mimi nikaanza ukaguzi, huku na huku, kama daktari mwenye wagonjwa wawili.

Nilianza na mkebe ili nipate kipimo. Plastiki ya dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua, na kati yake na mlango palikuwa na mwanya uliomeza kalamu zetu kwa miaka. Skrubu zilionekana wazi. Mpini wa kuzungushia kioo ulitoka ukabaki mkononi, nikaurudisha. Viti vilivalishwa vitambaa alivyovishona fundi mmoja wa Kariokor, imara lakini vya gari lingine, hivyo vilijikunja pembeni. Dari yake ya kitambaa ilikuwa imelegea, na mama aliishikilia kwa pini za nguo.

Kisha nikaingia ndani ya gari la mkurugenzi. Nilipitisha ukucha kwenye mishono ya ngozi nikingoja uzi uliolegea. Sikuupata. Mbao ya dashibodi niliigonga kwa kifundo cha kidole, nikitumaini ni plastiki iliyopakwa rangi. Ikajibu kama mlango wa kabati. Nilipapasa pale kapeti inapokutana na mlango, mahali ambapo fundi mvivu hujificha, nikakuta pindo limeshonwa. Ndipo nikainama na tochi chini ya kiti. Mwanangu, hata huko chini, asikotazama mtu, mishono ilikuwa imenyooka. Nilikasirika sana. Kitu kilikuwa kizuri kweli, na mimi sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Baba alikuwa amesimama nje na kitambaa chake, anatabasamu. Akaniambia niache kutambaa, nikae kama watu. Nikakaa kiti cha nyuma. Akafunga mlango taratibu kwa vidole, na Makongeni yote ikanyamaza: redio ya jirani, watoto, kila kitu. Mutua alikuwa amesema kweli. Kisha baba akaufungua tena.

"Hicho kiti nimekisugua miaka yote," akasema, "nikijiambia iko siku atakikalia mtu wangu."

Nikajisogeza upande wa pili, nikapigapiga ngozi kando yangu. Nikamwambia njoo basi, baba, ukae na mimi kidogo tu hapa uani.

Alitazama geti. Uani hapakuwa na mtu, mkurugenzi alikuwa mbali kwake, na suruali ya kazi ya baba ilikuwa imepigwa pasi kuliko nguo yangu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Huko si kwangu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekutajia jina la mtaa. Na nilipotoka, mkono wake ulikwenda wenyewe na kitambaa, akafuta pale kiwiko changu kilipokuwa.

Hapo nikajua. Sikuhitaji tochi tena.

Jumapili nikasimama mbele ya kamati. Nikawaambia nimelikagua gari, ni zuri, zuri hata mahali pasipoonekana, na mwenye kulisema vibaya ni mwongo. Shangazi akaanza kutabasamu. Nikaendelea: sitalipanda. Kiti ambacho baba yangu hawezi kukikalia hata pasipo na mtu wa kumwona, mimi sikikalii mbele ya watu basi zima. Mutua ataendesha mkebe, baba atakaa nami nyuma. Asiyetaka kuliona hilo asije.

Shangazi aliniita mkaidi. Alisema elimu imeniharibu, na kwamba nitalia siku yenyewe. Baba alinyanyuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya kwenye vikao. Nilidhani atanikanya. Akamwambia dada yake, kwa upole wake uleule, "Basi nitafutieni suti."

Siku yenyewe sikulia. Baba alikaa kando yangu magoti yakimfika kifuani, mkono mmoja ukishikilia mlango kwa sababu kitasa kilikuwa hakiaminiki, na njia nzima alilalamika: dashibodi inalia, kioo kinatetemeka, Mutua anakanyaga klachi kama anaua nyoka. Sijapata kumwona mwenye furaha vile. Tulipofika kanisani pini ya dari ikanasa shela langu, nikashindwa kutoka, watu wa Bungoma wote wakitazama. Shangazi akafumba macho. Baba akashuka kwanza, akainama, akainasua pini kwa subira ileile ya kusafisha viti vya ngozi vya watu, akanipa mkono.

Mama yake Wafula alikuwa hajawahi kumwona baba. Akamuuliza shangazi, "Baba ya bibi harusi ni nani hapa?" Na shangazi Mbithe, akiwa bado amekasirika, ilimbidi anyooshe kidole: "Ndiye huyo ametoka na yeye kwa gari."

Shangazi hakuisahau ile pini. Aliitaja kwenye kila harusi ya ukoo wetu, na mimi sikuwahi kumwomba radhi. Siombi leo.

Sasa nikuambie ninachotaka ukichukue. Kagua kila kitu, mwanangu. Gonga mbao, inama na tochi, usimwachie mwenyekiti wa kamati yoyote akuambie kilicho bora. Lakini ukikuta kitu ni kizuri, sema ni kizuri. Usikitukane ili upate ruhusa ya kukikataa, maana ruhusa hiyo hupewi na ubovu wake. Unayo tangu mwanzo. Watu watakuambia aliyekataa kilicho bora ni mjinga au ana wivu. Waache waseme. Wewe uliza swali moja tu: nikiingia humu, ni nani wangu atakayebaki nje na kitambaa? Ukilipata jibu na halikupendezi, shuka, hata kama injini imeshawashwa na watu wanapiga makofi.

Mungu akujalie, mwanangu, milango inayofungwa vizuri, na kila umpendaye awe ameshaingia kabla haijafungwa.