Mume Wangu wa Kwenye Kompyuta

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, halafu anisikilize. Haya sikuyasikia kilabuni wala kwenye foleni ya maji. Yalinipata mimi, Mpanda mjini, saa tisa mchana, jua kali na akili zangu timamu.

Mume wangu Deusi alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla. Msitegemee nilie. Deusi alikuwa mvivu ambaye hata mvua ikimnyeshea alisubiri mtu mwingine aseme twende ndani. Akishakula alijifutia mikono kwenye pazia langu, na kitandani aliweka kichwa upande wa miguuni, eti joto. Hilo la kitandani niliona aibu, sikumwambia mtu. Nilikuwa bado kwa wakwe zangu, mtaa wa Nsemulwa, nikingoja Jumamosi. Seremala mmoja wa Karema, aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameshaleta posa kwa baba yangu, na Jumamosi hiyo angekuja kunichukua.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake Deusi, alikuwa na duka la kuchapa barua. Kompyuta aliachiwa na mzungu mmoja wa mradi, miaka ya tisini inaelekea mwisho, na ndani yake kulikuwa na gemu. Unaona nyumba isiyo na paa, na kijitu ndani. Hakuna anayekiongoza. Chenyewe kinapika, kinakula, kinafagia, kinalala. Watu wazima waliacha tumbaku shambani wakaja kutazama kijitu kikifagia! Mimi nilikuwa nikipita pale natema mate.

Siku moja kijitu kikaanza kulia. Kinasimama katikati ya sebule, mikono juu, kinalia kutwa. Shemeji akakipa chakula, akakipa kitanda kipya, wapi! Akaitwa mama mkwe. Kwetu mtoto akilia bila ugonjwa, husemwa analilia jina la marehemu. Anatajiwa majina moja moja mpaka anyamaze, na lililomnyamazisha ndilo analorithi. Basi yule mama, mtu mzima na akili zake, akamwamuru mwanawe aandike majina. Likaandikwa la babu, kikalia. La shangazi, kikalia. Likaandikwa Deusi. Kikanyamaza, kikaenda kulala.

Nikaitwa mbio. "Njoo umsalimie mumeo," mama mkwe akasema. "Amerudi."

"Mama, nyie mmeingiliwa na nini? Hiki si kioo tu?"

"Msalimie. Hiyo safari ya Karema tutaizungumza baadaye."

Mmeona ujanja? Jina likisharithiwa, mjane humwita mtoto yule 'mume wangu', watu wanacheka, yanaisha. Hawa walitaka kunifunga kwalo. Mwanamke mwenye mume anaolewaje Karema?

Nikatazama. Kijitu kilikuwa kimelala, kichwa upande wa miguuni. Nikajiambia gemu bovu hilo. Kikaamka, kikala, kikaenda dirishani, kikajifuta mikono kwenye pazia.

"Hiyo umekiamuru wewe?" nikamuuliza shemeji.

"Hapana, shem. Hata hakuna pa kukiamuru hivyo."

Niliogopa, nakiri. Lakini woga wangu siku zote hutoka kama matusi. Ningeondoka kimya, leo ningekuwa mtu mzima kamili. Badala yake nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikasema kwa kejeli tupu: "Haya, mume wangu. Umekufa na bado unalala tu. Ngoja upikiwe."

Mlango wa ile nyumba ukafunguka. Akaingia mwanamke, akaenda moja kwa moja jikoni, akaanza kukata vitunguu. Shemeji akaruka kutoka kitini, anaapa kwamba hajaongeza mtu. Alipobonyeza kutafuta jina la yule mwanamke, likatokea jina langu la utotoni, alilonipa bibi yangu kule Ugalla. Pale Mpanda hakuna aliyelijua. Alilijua Deusi peke yake.

Mama mkwe alitazama muda mrefu. Kisha akanishika bega kwa upole ambao hajawahi kunionyesha.

"Nenda Karema, mwanangu," akasema. "Mke wake yupo."

Nilikwenda. Seremala ni mtu mwema, tumejaliwa watoto watatu. Lakini niaminini, kila siku ikifika saa tisa mchana, hata nikiwa kanisani, mikono inaninuka vitunguu ambavyo sikukata, na mgongo unaniuma kwa kazi ya nyumba isiyo yangu. Watoto wakiniita saa hiyo nachelewa kuitika. Mdogo aliwahi kumuuliza baba yake mama huwa anakwenda wapi. Nilimtumia shemeji ujumbe aivunje ile kompyuta, aichome kabisa. Akajibu kwamba iliungua zamani, mwaka uleule nilioondoka.

Sasa yule mwanamke anampikia wapi?

Najua nyie wa siku hizi mnavyo vijitu vingi zaidi, tena vizuri, na mnavipa majina mkicheka. Vitazameni, vidharauni, shauri yenu. Ila jina la marehemu wenu msikipe kitu kisicho na damu, na msikiite mume wala mama hata kwa utani. Kejeli yangu haikufika upande ule. Lilifika neno peke yake.